Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa sampo zilizopasuka

Wanachama wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu. Ada na mahesabu mweka hazina atayasoma mwenyewe, mimi leo naongelea kitu kimoja tu kilichonikosesha usingizi mwaka mzima, spea kufika zimevunjika alafu sisi kwa sisi tunaanza kutoana macho.

Hali mnaijua. Umeagiza injini Japani au Sharjah, picha uliyotumiwa inang'aa, kontena ikifunguliwa hapa Dar unakuta injini imekalishwa juu ya sampo yake, lile bakuli la oili chini ya injini, bila hata tairi chini, sampo yenyewe aluminiamu, meli imeyumba wiki na wiki, kwishnei. Au giaboksi ya otomatiki imepakiwa bila kufungwa toki konveta, lile duara zito la mbele linalopokea nguvu ya injini, ikachomoka njiani ikaua pampu, na hiyo huijui mpaka fundi ameshaifunga kwenye gari ya mteja, ndo unaletewa mteja, fundi na matusi kwa pamoja. Taa ndo usiseme, zimekatika masikio, vile vishikio vya kufungia kwenye bodi, na taa isiyo na sikio unaiuza kama unaomba msaada.

Wengi wenu mnaniambia "bima italipa mwenyekiti". Jamani, someni zile karatasi. Bima ya mzigo wa baharini, hata ile pana kabisa, kwa kawaida ina kipengele kinachokataa hasara iliyotokana na kufunga vibaya, na mwenye meli nae anachomokea hapohapo. Alafu iwe umenunua FOB (muuzaji anakupandishia mzigo melini, nauli juu yako) au CIF (bei ina nauli na bima ndani), hasara ya baharini ni yako tangu mzigo ulivyopanda meli kule. Anabaki muuzaji, maana kufunga ni kazi yake, ila utambana na nini kama huna picha?

Kesi iliyonichosha zaidi ni ya wenzetu wawili waliochangia kontena. Giaboksi ya mmoja haikumwagwa oili, ikavuja safari nzima juu ya viti na paneli za milango za mwenzie. Mwenye giaboksi anasema sikupakia mimi, mwenye viti anasema oili ni ya kwako. Vikao vitatu, chai tumekunywa mpaka basi, mwisho wakagawana hasara nusu kwa nusu na hadi leo salamu zao ni za kinyongo. Hapo kamati tulikosea na mimi nikiwa mbele, tulikimbilia kwenye hela kabla ya kuuliza nani alisimamia upakiaji.

Kwa hiyo kamati imeamua, wanaochangia kontena hawamalizii malipo mpaka muuzaji atume video ya kupakia, oili imemwagwa, injini iko juu ya tairi au paleti, taa zimeviringishwa moja moja, na likifika kontena lifunguliwe mbele ya mashahidi wawili, sili, kile kifungo chenye namba kinachoonyesha mlango haujafunguliwa njiani, ipigwe picha kabla haijakatwa, kilichovunjika kiandikwe kabla hujasaini kupokea mzigo. Asiyetaka aagize peke yake, hatumlazimishi.

Na msidhani nasema nikiwa msafi. Mwezi wa nane nilifungua kontena langu usiku, peke yangu, nina haraka na wateja, nikakuta redieta zimekunjwa kama chapati. Muuzaji akaniuliza swali moja tu, picha ya sili iko wapi? Sili nilishaitupa. Redieta ziko stoo kwangu, anayetaka kuziona aje.