Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: boti yetu inalipia lami gani?

Assalaam aleikum Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa jetini Mtangawanda, kisiwani Pate huku Lamu, nimekaa juu ya gunia la nazi la mtu, mtoto mapajani, tunangoja maji yajae ndio boti ipite Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari wa kwenda Lamu mjini. Pale maji yakitoka unabaki kwenye tope, kwa hiyo usishangae barua ikiwa ndefu, muda ninao.

Kila lita ya petroli ina tozo ya barabara ndani yake. Ilikuwa shilingi 18, Julai 2024 ikapandishwa ikawa 25. Mwaka mmoja kabla ya hapo VAT ya mafuta ilitolewa asilimia 8 ikapelekwa 16. Huko Nairobi mlibishana mambo ya matatu na magari ya watu, sawa, lakini nahodha wetu naye alienda pampu hiyo hiyo na dumu lake la lita 20 na hakuna aliyemuuliza haya mafuta yanaenda barabarani ama baharini. Piga hesabu basi, 25 mara 20, shilingi 500 za barabara kwenye dumu moja, na hiyo injini haijawahi kuona lami tangu itolewe kwenye boksi. Leo nimemuuliza yeye anaonaje, akacheka, akaniambia "ndia yangu mimi ni maji, wametia lami lini?" Sikuwa na jibu nikamwambia nitakuuliza wewe.

(Bodaboda tunazo huku Pate, sikatai, hata mimi moja ndio imenitoa Siyu asubuhi kwenye mchanga mpaka kiuno kinauma. Hizo zilipe. Mimi nasema boti.)

Sasa utasema hii ni shida ya nahodha, mama ametokea wapi. Ametokea kwenye nauli. Mtoto wangu amefikisha miezi 9, ni sindano ya surua. Wiki iliyopita nimempeleka dispensari naambiwa chanjo imekwisha, rudi wiki ijayo ama nenda Lamu mjini. Wiki ijayo imefika, nimerudi, bado hakuna, nesi mwenyewe anaona haya kunitazama na si makosa yake. Kwa hiyo hii sindano ya bure mimi nainunua hivi: bodaboda mpaka jetini, nauli yangu, nauli ya wifi yangu maana siwezi kubeba mtoto na mfuko na kushuka ngazi zenye utelezi peke yangu, chakula, halafu boti hairudi mpaka maji yaruhusu kwa hiyo ni kulala, na kwa shangazi huendi kulala mikono mitupu, weka kilo mbili za sukari. Mwenye safari ni mtoto na ndiye peke yake anayesafiri bure. Akifika miezi 18 ni sindano ya pili, twaanza tena.

Ndio maana nikisikia bajeti ikisomwa, afya fungu lake, elimu fungu lake, mimi nasikiliza mafuta, maana mtoto wangu yuko humo. Shule ni yale yale. Mwanafunzi wa primary anatengewa shilingi 1,420 kwa mwaka, wa Nairobi na wa Kizingitini sawasawa, na mnaita usawa. Lakini katoni ya madaftari ya Kizingitini imepanda boti bwana! Ama nauli yake inakula zile 1,420 ama inamla mzazi.

Mwaka wa 2024 mlitaka kuweka VAT asilimia 16 kwa mkate, nchi ikawaka na mswada wote ukaondolewa. Mkate kila mtu anauona mezani kwake. Boti ya Siyu nani anaiona.

Na kuna jambo la kusi, ule upepo mkali unaochafua bahari. Bajeti mnasoma Juni, mwaka wenu unaanza tarehe 1 Julai, na huku wakati huo kusi imeshika, vyombo vingi vimepandishwa pwani, mume wangu yuko barazani anashona nyavu. Kila kodi mpya inatukuta mfuko mkavu. SHA pia, hiyo bima ya afya ya serikali, kima cha chini ni 300 kwa mwezi lakini sisi tusio na payslip tunatakiwa mwaka mzima kwa mpigo, 3,600. Mvuvi hana mwaka Mheshimiwa, ana kaskazi bahari ikitulia na ana kusi, na mtoto haugui kwa kufuata upepo.

Ombi langu. Mafuta ya boti za abiria na za wavuvi yatolewe hiyo tozo ya barabara. Najua mtasema watu watajaza gari kwa dumu la boti, na wako watakaofanya hivyo kweli, wakora hawakosi, lakini boti zimesajiliwa, zina namba ubavuni, mkitaka kujua ngapi ziko mtajua. Ikishindikana kabisa basi hesabuni pesa inayotoka kwenye boti iturudie, ngazi za jeti zitengenezwe na chanjo iwe na boti yake. Magavana na wabunge wamegombania hizo pesa za barabara mpaka kortini, nami nilitega sikio redioni nisikie kama yupo atakayetaja bahari. Pengine alitaja siku ambayo stima ilipotea.

Haya, nahodha ashaita watu. Amemimina dumu mbele yetu hapa, harufu ya petroli imetujaa puani na mtoto anapiga chafya. Wacha niitie simu kwenye mfuko wa plastiki isirowe.

Wassalaam,
Mama wa watoto wawili, Siyu