Misako ya hakimiliki iache kubeba kompyuta nzima

Mhariri,

Hatuwatetei wanaouza muvi za wizi kwenye flashi, Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 iko wazi. Tunalalamikia namna misako inavyofanywa.

Kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi aghalabu kina kompyuta moja. Diski hiyohiyo ndiyo yenye picha za harusi za wateja, barua za maombi ya kazi na hesabu za duka. Ikibebwa yote, wanaumia wasiohusika. Tena ofisa akiiwasha palepale "ahakikishe", tarehe za mafaili hubadilika, na kesi yake mwenyewe inalegea: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime data ilivyotunzwa.

Njia ipo. Mashine izimwe, diski ichomolewe, iunganishwe kupitia kifaa kinachozuia chochote kuandikwa juu yake, inakiliwe yote, kisha alama za uhakiki (namba ndefu zinazokokotolewa kutokana na data, nazo hubadilika data ikiguswa) za diski na za nakala zilinganishwe mbele ya mwenye duka na shahidi. Diski ya GB 500 huchukua kama saa mbili. Risiti ya ukamataji itaje namba ya diski, si "kompyuta moja nyeusi". Risiti hiyo inatakiwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Siyo fadhila ya askari.

Na stempu za Mamlaka ya Mapato (TRA) za kubandikwa kwenye CD, zilizoanza 2013? Hizo ni za kodi. CD isiyo na stempu yaweza kuwa ya msanii mwenyewe, kaidurufu kazi yake. Adaiwe kodi, asishtakiwe kwa kujiibia.

Mafundi kompyuta,
Dar es Salaam