Ruhusa haipiki uji: barua kwa mwanangu

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Simu nimeiweka pembeni makusudi. Kwenye simu ukianza kulia na mimi nalia, salio linakwisha hatujasema kitu.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema umepata nafasi ya kusomea ualimu wa skuli za maandalizi Unguja, na papo hapo unasema utaiacha, kwa sababu watoto utawaachia nani. Mkwe wangu akenda dago, kambi ya uvuvi, miezi mitatu, akirudi watu wanamuuliza samaki. Sijasikia hata mmoja akimuuliza watoto kawaachia nani. Na yeye sina neno naye, ruhusa amekupa kwa moyo mweupe. Lakini ruhusa haipiki uji, kwa hiyo tuzungumze uji.

Septemba 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bure, nilikuwa na miaka 11. Tukaingizwa skuli, wengine wakubwa mpaka benchi linawakataa. Nilifika darasa la tano, mama akajifungua mapacha. Mmoja akabebwa naye, wa pili nikabebeshwa mimi. Hakuna aliyenikataza kusoma. Niliambiwa nisubiri kidogo tu, wapate kukaa. Walipokaa, wenzangu walikuwa mbali. Elimu ilikuwa bure kweli, lakini mapacha walikuwa wanalia.

Na wewe nikakufanyia yale yale. Mwaka 2006 nilipolala kitandani ulikuwa kidato cha pili, mtihani uko mbele. Ukabaki kunikanda, kunipikia, kunipeleka hospitali. Majirani wakakusifu, mtoto ana huruma huyu, nami nikaona raha unavyosifiwa. Mtihani ukapita. Nilipoinuka sikukurudisha, ikaja posa, nikaipokea. Hili sijapata kukwambia kwa mdomo, ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba "unanisumbua".

Fedha sizo zinazonitisha. Mtihani wa Maarifa, ule wa kukufungulia njia ya kidato cha nne, ulijilipia mwenyewe kwa mwani, na mwani tunaujua, unasimama majini mpaka kiuno kisha mnunuzi ndiye anayekutajia bei. Kidato cha nne ulipojisajili mtahiniwa binafsi, ada ilikuwa shilingi 50,000, na mimi ndiyo kwanza nimetimia miaka 70. Pencheni jamii, ile ya wazee wa kuanzia miaka 70, ilipoanza 2016 ilikuwa 20,000 kwa mwezi. Zamu yangu ilipofika imeshapanda kuwa 50,000. Karani ananihesabia noti pale kwenye shehia, mimi nishajua zinakwenda wapi. Nilitoka na shukurani na mfuko mtupu, na sijapata kuona mfuko mtupu mtamu kama ule.

Sasa kuna ada ya chuo. Kwenye kibati, mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu, nilikuwa wa tisa; nimebadilishana zamu na jirani, nachukua ya pili, nawe utalipia muhula wa kwanza. Kwa muhula unaofuata naitazama mikarafuu miwili ya nyuma ya nyumba, Mungu akijaalia jua la kuanikia. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu tunayo tangu 2011, lakini jina lake lenyewe linasema ya juu, na wewe bado uko kwenye ngazi. Ukifika SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, tutaigongea mlango.

Kazi iko kwa watoto. Mwanao mkubwa tayari yuko kwangu. Wa kati mlete, na barua yake ya uhamisho na dawa yake ya pumu, na umuulize mwalimu wake wa chuo cha Kurani huko amefika juzuu gani, asije mtoto akanidanganya. Huyu mdogo siwezi. Nakupenda, ila magoti yangu hayakimbizani tena na mtoto wa miaka miwili. Utakwenda naye Fuoni, huko huko Unguja, kwa shangazi yako.

Na hapa unisikilize vizuri. Shangazi atasema, "Mlete tu, damu yangu." Atasema kweli. Lakini shangazi anauza vitumbua asubuhi, na mwenye mtoto mgongoni hawezi kukaa na karai la mafuta ya moto. Kila siku utakayokuwa darasani, yeye atakuwa amefunga biashara. Mtumie 40,000 kila mwezi, nimeshaitenga. Akikataa, mpe kwa jina la maziwa ya mtoto. Nimewaona wengi wanaorudi kusoma wakivunjikia hapa: ada wameipata, lakini aliyeshika mtoto alichoka kimya kimya, mwezi wa tatu akaanza kuumwa kichwa kila Jumatatu. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa hana sabuni.

Mama mkwe wako amepita hapa Ijumaa. Kanywa chai, kasema mwanamke mwenye watoto watatu anatafuta nini darasani. Nikamwambia anatafuta mshahara, na akiupata wewe ndiye wa kwanza utakayeletewa kanga. Alicheka. Usimnunie.

La mwisho ni la mwanao mkubwa, ulijue kwangu mimi, usije ukalisikia kwa watu. Jumatatu niliamka mguu umevimba. Nikamwona anavua sare, anakunja kwa adabu kabisa, anasema, "Bibi, leo nabaki nikuangalie." Ana miaka 13. Anakunja kama ulivyokuwa ukikunja wewe. Nilimpigia kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Akavaa tena huku analia, akenda skuli, kachelewa kipindi cha kwanza.

Chai nikaipika mwenyewe nimekaa kwenye kibao cha mbuzi. Iliingia moshi, nikainywa hivyo hivyo.

Boti ukishakata tiketi nijulishe siku.

Mamaako