Barua kwa mwanangu kabla hajashusha kayaki majini

Tabora, mwishoni mwa Septemba

Mwanangu mpendwa Mwajuma,

Salamu nyingi zikufikie huko Kigoma. Sisi hapa hatujambo, baba yako anaendelea vizuri na dawa zake za presha, na hofu yetu ni juu yako tu, tena safari hii sikuandiki neno hilo kwa mazoea ya barua. Picha ya kayaki yako, huo mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, nimeipokea. Niliitazama asubuhi, nikaitazama tena jioni baada ya kupata miwani yangu, na nimeyasoma maneno uliyoyaandika chini yake kwamba Jumamosi utaishusha Ziwa Tanganyika pale Kibirizi na kupiga kafi kuelekea Gombe mpaka utakapochoka. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu wewe husema "sawa mama" kabla sijafika mwisho wa sentensi, kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa kijana wa jirani anayepanda treni kesho.

Hayo maneno "mpaka nitakapochoka" ndiyo yaliyoninyima usingizi. Ukichoka ukiwa mbali, safari yako itakuwa imefika nusu tu. Gombe iko kilomita zipatazo 16 kutoka mjini, na hapo Kibirizi ndipo zinapoondokea boti za abiria wa vijiji vya kaskazini, boti zenye mashine, zilizojaa magunia na watu, ambazo nahodha wake anachungulia mbele juu ya vichwa vya abiria na hawezi kukiona kitu kilicholala juu ya maji kama hicho chako. Bandarini vilevile usiende, kwa kuwa ghuba imekingwa vizuri lakini ina meli, na meli ikipita huacha mawimbi yanayofika ufukweni wakati yenyewe imekwisha kwenda zake. Huko utakwenda siku nyingine ukiwa umezoea, si Jumamosi.

Unajua nilifundisha jiografia kwa miaka 31, kwa hiyo nivumilie kidogo. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 673 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wake kwa wastani ni kilomita 50 tu. Upepo wa kusi ukivuma kwa urefu huo wote, unapata nafasi kubwa ya kuyasukuma maji, na ndiyo maana mawimbi yake katika miezi ya kiangazi hukua hata mtu mzima akasitasita. Kusi bado haujakatika mwezi huu. Hata hivyo huo siuogopi sana kwa ajili yako, kwa sababu mawimbi yake utayaona ukiwa bado umesimama mchangani, na ninaamini utageuka urudi nyumbani, kwa kuwa ujasiri wako haujawahi kuwa wa kijinga, isipokuwa mara moja au mbili.

Ninaouogopa ni upepo unaotoka mgongoni. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa ya vilimani huteremka kuelekea ziwani mpaka asubuhi. Ukisimama ufukweni saa kumi na mbili huoni chochote, maji yametulia kama mafuta ya mawese ndani ya bakuli, kwa kuwa vilima vilivyo nyuma yako vimekukinga. Unaingia. Kayaki inakwenda kwa wepesi ambao hukuutarajia, nawe unajiona fundi. Kila unapoondoka ufukweni kinga ya vilima inapungua na upepo unaongezeka, lakini hauuhisi, kwa kuwa unakwenda nao. Siku unapogeuza uso kutazama ulikotoka ndipo unapojua ni nani aliyekuwa akipiga kafi muda wote ule.

Haya siyasemi kwa kuyasoma kitabuni. Nilikuwa na miaka 13 tulipoingia mimi na mjomba wako Saidi katika mtumbwi wa babu yako pale Ujiji, asubuhi tulivu kama hiyo niliyoieleza. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikiutazama moshi wa jiko la bibi yako ili nisipoteze nyumba yetu kati ya nyumba nyingine, na niliona ajabu moja ambayo sikuielewa, kwamba moshi haukupanda juu bali ulilala na kutufuata majini. Baadaye moshi ulionekana kama uzi, kisha sikuuona tena. Tulikuwa na kafi moja. Saidi alipiga mpaka ngozi ya viganja ikachubuka, na ufukwe haukusogea hata kidogo. Tuliokotwa jioni na wavuvi wa dagaa waliokuwa wakitoka na kipe, chombo chao cha kuvulia, kwenda kuvua usiku. Saidi alichapwa kwa kufungua kamba ya mtumbwi, na alikubali kuchapwa. Kamba ile hakuifungua yeye.

Basi, turudi kwako. Unaweza sasa kufikiri ni kwa nini sikukuruhusu kujifunza kuogelea ulipokuwa mdogo, kila likizo tulipokwenda kwa bibi yako. Ulijifunza mwenyewe Mwanza ulipokuwa chuoni, bila kuniambia, na niliposikia kwa watu nilikasirika kwa wiki nzima, kisha nikawasimulia walimu wenzangu wote kwamba binti yangu anaogelea kuliko wavulana. Ungeniambia mwenyewe ingekuwa vizuri zaidi.

Ushauri wangu ni kwamba Jumamosi uende upande wa Katonga, kwenye vile vighuba vidogo vya mchanga vilivyo kati ya miamba, pale karibu na ufukwe wanaouita Jakobsen. Utalipa kiingilio, na ulipe bila kunung'unika. Miamba ya pande mbili inavunja mawimbi, mchanga unashuka taratibu mahali pa kuingilia, maji ni maangavu kiasi cha kuona vidole vya miguu yako, na mara nyingi hapakosi mtu wa kukuona. Hilo la mtu wa kukuona usilipuuze. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, mjomba wako aliniambia kwamba ziwa lilikuwa jeupe, bila wavuvi, usiku na mchana, nami nilichofikiri siku ile ni kwamba sisi tuliokotwa kwa sababu tu kulikuwa na watu waliotoka kutafuta dagaa.

Usichague mahali kwa utulivu wa maji peke yake. Kusini ya Ujiji, mto Luiche unakoingia ziwani, maji ni matulivu sana na matete yamesimama vizuri kama pazia, lakini penye matete na maji ya tope ndipo mamba na viboko wanapopenda kukaa, na maji yaliyosimama kati ya majani ndiyo maskani ya konokono wa kichocho. Jambo jingine ni kwamba miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza sehemu za ufukwe. Mahali nilipokuwa nikianika nguo nikiwa msichana sasa pako chini ya maji, pamoja na visiki na misingi ya kuta. Kwa hiyo kabla ya kuiingiza kayaki, ingia wewe kwa miguu, tembea mpaka maji yafike kiunoni, upapase kwa nyayo. Usitembee mbele zaidi ya hapo kwa kuamini kwamba kina kitaendelea hivyohivyo. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 mahali pake penye kina kirefu kuliko pote, na karibu na miamba sakafu yake hukatika ghafla kama mtu aliyeshuka ngazi gizani.

Kabla ya hayo yote, utazame moshi. Pale Katonga kina mama huamka mapema kuanika dagaa na kuwasha majiko, na moshi wao haudanganyi. Moshi ukilala kuelekea ziwani, kaa chini, uagize chai, usiguse kafi. Subiri mpaka usimame wima au ugeuke na kukujia wewe, jambo ambalo mara nyingi hutokea jua likishapanda. Usiporidhika na moshi, chukua gunzi la muhindi ulitupe majini mbali kadiri mkono wako unavyoweza, kisha uhesabu mpaka 100 bila kuharakisha. Gunzi likirudi kwako, nawe utarudi. Likienda, liache liende peke yake. Na kama moshi umesimama lakini wavuvi wanavuta mitumbwi yao juu mchangani, waulize wameona nini upande wa kusini, na jibu lao ulitii hata kama wewe umesoma zaidi yao.

Nimeona kwenye picha kwamba jaketi okozi umelifunga nyuma ya kiti kwa kamba. Jaketi lililofungwa kwenye kiti litaokoa kiti. Livae ukiwa nchi kavu, ufunge vifungo vyote, na kipenga kining'inie shingoni. Nimeona pia kwamba kayaki yenyewe ina tundu ambamo miguu yote inaingia mpaka mapajani, na hapo sikupata raha. Kwa hiyo Jumamosi kazi yako ya kwanza iwe kupinduka. Ipindue kwa makusudi mahali ambapo maji yako kiunoni, rafiki yako akiwa amesimama pembeni, utoke chini yake, uigeuze, uiondoe maji, uingie tena. Ufanye hivyo mara 3 au 4 mpaka usiwe na wasiwasi. Ukimaliza, piga kafi ukiambaa na ufukwe, usielekee katikati, na uanze kwa kwenda upande unakotoka upepo ili wakati wa kurudi, mikono ikiwa imechoka, upepo uwe msaada. Nusu saa inatosha. Najua unaona nusu saa ni kidogo kwa kitu ulichokitolea akiba ya miezi mingi, na fedha hizo kwa kweli ningependa zingekwenda kwenye bati za jiko letu, lakini ni jasho lako na sikulaumu.

Upepo wa mgongoni, Mwajuma. Ukisahau yote niliyoandika, usisahau huo.

Mdogo wako ana mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na anasoma usiku mpaka betri ya taa inakwisha, kwa hiyo ukipata nafasi mnunulie nyingine. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Kijana atakukabidhi asali lita 5 na karanga kidogo, na asali ugawane na mjomba wako Saidi, umpe nusu iliyo nyingi. Akikuuliza sababu ya kupewa nyingi, mwambie kwamba mimi nimesema nitakuja mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, nina jambo la kuzungumza naye. Wewe usilifungue.

Jumamosi, ukishatoka majini, nipigie kabla hujabadili nguo. Baba yako amesema yeye hana wasiwasi wowote, lakini ameniuliza mara mbili treni ya kijana inafika Kigoma saa ngapi, asije akachelewa kukupa barua hii.

Dumu la njano lenye asali si letu, ni la mama wa nyumba ya mbele. Ulirudishe na mawese, na kifuniko chake usikipoteze.

Ni mimi mama yako.