Wachapishaji wadogo, tuuzieni vitabu vyenye namba na sahihi

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wachapishaji wetu wadogo wa hapa Tanzania, na wa Kenya pia, hawa wanaotoa riwaya na mashairi ya Kiswahili kwa kujikongoja halafu maboksi yanakaa stoo miaka. Kwa nini hamtuuzii toleo maalum, kopi chache, kila moja ina namba yake na mwandishi kasaini kwa mkono wake?

Mimi nanunua vitabu vya aina hiyo kutoka kwa wachapishaji wadogo wa Marekani na Uingereza, hasa wa hadithi za kutisha, na kusema kweli wengi wao huo mfumo ndo unawaweka mjini. Wanatangaza kitabu fulani kitatoka kopi 300 au 500 basi, hakirudiwi, wewe unalipa kabla hakijachapwa na hela yako ndo inasaidia kulipa kiwanda. Mwandishi wala hasafiri, anatumiwa rundo la karatasi anasaini moja moja nyumbani kwake, zinarudishwa zinajalidiwa humo humo na kurasa zingine, ndo maana ukifika ukurasa wa sahihi mara nyingi unakuta karatasi yake ni nzito kidogo na namba imeandikwa kwa wino, ukiipitisha kidole unajua kabisa kuna mtu alikaa hapa na kalamu. Zingine chache wanazipa herufi badala ya namba, A mpaka Z, 26 tu, zinakuja na kasha lake na bei yake iko juu sana. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kwa baadhi yao ukishanunua namba 30, kitabu kinachofuata wanakuuliza wewe kwanza kama unaitaka namba 30 tena.

Na sio mambo ya juzi haya. Leonard na Virginia Woolf, waandishi wa Uingereza, mtu na mkewe, walianza kampuni yao ya uchapishaji, Hogarth Press, mwaka 1917 pale Richmond, mashine ya mkono iko ndani ya nyumba yao, chapisho la kwanza kopi kama 150 tu, baadaye wakawa na wateja wanaoacha amana kabisa wapelekewe kila kitakachotoka. Arkham House, mchapishaji wa Wisconsin kule Marekani, nayo mwaka 1939 ilianza na kopi 1,268 za hadithi za kutisha za Lovecraft kwa dola 5, waliolipa mapema walitoa dola 3.50. Hao walikuwa wanasubiri hundi ije kwa posta, sisi tuna M-Pesa mkononi, tunashindwa nini?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kezilahabi alituacha Januari 2020, Ken Walibora akamfuata Aprili mwaka huohuo, watu waliosomwa na vizazi vya wanafunzi, sasa niambieni ni nyumba ngapi zina kitabu chenye sahihi zao? Waandishi wakubwa wengine wapo bado, wapelekeeni karatasi wasaini wakiwa na nguvu zao, na walipwe kwa hilo.

Ila bila uaminifu msianze. Kuna mchapishaji wa nje nilimlipa akasema miezi sita, ukapita mwaka na zaidi, barua pepe hajibu. Kuchelewa tunaelewa jamani, mwandishi anaumwa, karatasi zimekwama bandarini, sawa, lakini tuambieni kila mwezi hata kwa mistari miwili, kukaa kimya ndo kunatufanya tuhisi tumeibiwa. Mkisema kopi 200 ziwe 200, msije mkabadilisha rangi ya kava mkaita toleo lingine maalum, na kopi za mwandishi na za ofisini ambazo haziuzwi nazo ziandikwe wazi ukurasa wa mwisho. Wiki ya kwanza kila mtu auziwe moja, la sivyo watu wa kulangua watabeba zote.

Anzeni hata na kitabu kimoja cha mashairi, kopi 100, jalada gumu la kitambaa, kurasa zishonwe kwa uzi sio gundi. Sisi wa mikoani tutumieni kwa basi, ila kifungeni vizuri maana kona za jalada zikibonyea hazirudi. Bei na tarehe vitangazwe humuhumu gazetini, mimi nalipa siku hiyohiyo.

Msomaji wenu,
Morogoro