Nyumba kongwe ya wageni mjini Sarlat

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wanaopanga safari ya Ufaransa kuhusu Sarlat, mji mdogo wa eneo la Dordogne, ambako mimi na mke wangu tulilala siku tatu katika nyumba ya wageni iliyojengwa kwa mawe ya rangi ya asali na kuezekwa kwa vibamba vya mawe badala ya vigae. Ngazi zake za mzunguko zimelika katikati kwa nyayo za vizazi vingi, na kwa kuwa lifti hakuna, sanduku letu nililibeba begani hadi ghorofa ya tatu huku mama mwenye nyumba akinipa pole kutoka chini.

Mji huo haukusalimika kwa bahati tu. Sheria ya mwaka 1962, inayojulikana kwa jina la André Malraux, aliyekuwa waziri wa utamaduni, iliwezesha mitaa mizima kulindwa, si jengo moja moja, na Sarlat ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kunufaika.

Mwenye mzigo mzito, au magoti kama yangu, aombe mapema chumba cha chini.

Msomaji wako,
Tanga