Kibao cha kumbukumbu hakimaliziki siku ya uzinduzi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vibao vya historia huko Marekani ilieleza vizuri nani anakumbukwa na wapi. Haikugusa ufundi na matunzo, na vibao vingi hufia hapo hapo. Naomba nafasi niongeze hilo.

Jimbo la Virginia lilianza kusimamisha vibao vyake kando ya barabara kuu mwaka 1927, na leo vimezidi 2,600. Ni vya alumini ya kusubu: herufi hupangwa kwenye ubao wa mfano, mfano hushindiliwa kwenye kalibu ya mchanga, kisha alumini iliyoyeyuka humiminwa. Herufi hutoka zikiwa zimetokeza, sehemu ya bamba lenyewe. Rangi ikipaushwa na jua, maneno bado yanasomeka, hata kwa kupapasa kwa kidole, na fundi hupitisha rola ndogo juu ya nyuso za herufi tu, kibao kikarudi kama kipya. Kibao cha stika kikipauka hakina cha kurudishia.

Lakini kilichosubiwa hakifutiki. Mwaka ukikosewa tarakimu moja, bamba zima linasubiwa upya na gharama inaanza mwanzo. Kwa hiyo maandishi, ambayo Virginia huyabana yawe takriban maneno 100, yapitiwe na watu wawili ambao hawakuyaandika: mmoja asome majina herufi kwa herufi, mwingine afuatishe kwenye nakala yenye ukubwa kamili.

Kosa jingine liko kwenye bolti. Fundi hufunga bamba la alumini kwa bolti za chuma cha kawaida, mvua inanyesha, na pale metali mbili zinapogusana alumini inaanza kulika na kutoa unga mweupe. Karibu na bahari huliwa haraka zaidi. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, na katikati weka vipete vya plastiki (washa) ili metali zisigusane. Zege la nguzo limwagwe likiwa na mteremko kutoka kwenye nguzo, maji yasituame shinani.

Kuna uharibifu ambao hauletwi na mvua. Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa na wazungu katika jimbo la Mississippi Agosti 1955 na mwili wake ukatolewa Mto Tallahatchie. Watuhumiwa waliachiwa na baraza la wazee wa mahakama lililokuwa la wazungu watupu. Kibao chake cha kwanza, mahali panapoitwa Graball Landing kando ya mto huo, kilisimamishwa mwaka 2008, kiling'olewa. Cha pili kilipigwa risasi hadi kikawa na matundu 317, na kwa matundu hayo hayo kilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mwaka 2021. Cha tatu, cha mwaka 2018, kilipigwa risasi baada ya siku 35. Cha nne, Oktoba 2019, kimetengenezwa kwa chuma cha kuzuia risasi, kina uzito wa zaidi ya kilo 225, na kinalindwa na kamera na kengele. Mwezi uliofuata tu, watu wenye bendera ya wabaguzi walikuja kujirekodi mbele yake. Kengele ikalia, wakatimka. Kila mara kilirudi kwa sababu kina mwenyewe: Tume ya Kumbukumbu ya Emmett Till ya kaunti ya Tallahatchie, mahali kibao kilipo. Bila tume ile, kile cha kwanza kingekuwa cha mwisho.

Kuhusu mawe: chukua jiwe la kawaida la marumaru katika makaburi ya wanajeshi wa Marekani. Watu wenye nia njema huliharibu kwa dawa ya klorini na brashi ya waya. Klorini huacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe. Chumvi hukauka, huvimba, na uso wa jiwe unamung'unyuka kama sukari guru. Lowesha jiwe kwanza, tumia maji mengi na brashi laini ya nailoni, anza chini ukipanda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuza sana. Jiwe linalotoa chembe ukiligusa liachwe kabisa.

Bamba la shaba nyeusi lisisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia vyombo, maana kila msuguo unapunguza herufi. Lioshwe kwa sabuni isiyo kali, likauke vizuri, lipakwe nta nyembamba na kufutwa kwa kitambaa. Mara moja kwa mwaka inatosha, pwani mara mbili.

Mkiripoti uzinduzi mwingine, tafadhali muulizeni mgeni rasmi: nta na rangi za mwaka wa tano zitalipiwa na nani? Jibu lake mlichape pamoja na picha ya utepe.

Fundi wa vibao na mawe ya kumbukumbu